Saratani ya matiti: kuutunza moyo wa mgonjwa na wa wanaomuuguza

Mwanamke anapoambiwa kwamba kinyama kilichochukuliwa kwenye titi lake kimeonyesha saratani, mara nyingi maneno yanayofuata hayasikii. Daktari anaendelea kueleza, lakini yeye mawazo yake yako nyumbani. Watoto watabaki na nani? Nauli ya kwenda hospitali kubwa itatoka wapi? Mume atasema nini? Na majirani je?

Tumezoea kusikia redioni kuhusu uvimbe, vipimo na dawa. Makala hii inahusu kile ambacho hakionekani kwenye kipimo: hofu, aibu, hasira na uchovu wa mgonjwa, pamoja na mzigo wa watu wanaomuuguza. Inaeleza nini cha kutarajia, nini kinasaidia, na nini kinaumiza hata kama kimesemwa kwa nia njema.

Kwa nini moyo ni sehemu ya matibabu

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wanaume nao huupata, ingawa ni wachache: hawazidi mmoja katika kila wagonjwa 100.

Saratani ya matiti ikigunduliwa mapema ina nafasi kubwa ya kupona. Lakini hapa Tanzania wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne. Umbali, gharama na kutojua dalili vinachangia. Hofu na aibu navyo vinachangia. Mwanamke anagusa uvimbe, anaogopa, anaufunika kwa kanga, miezi inapita. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Hata baada ya matibabu kuanza, hatari haijaisha. Matibabu ya saratani huchukua miezi mingi, na mgonjwa aliyeachwa peke yake anaweza kukata tamaa na kuacha katikati. Kwa hiyo kumtuliza, kumsindikiza na kumsikiliza ni mambo yanayoamua kama atarudi kliniki tarehe aliyopangiwa.

Siku ya majibu

Kama unasubiri majibu, usiende peke yako. Nenda na mtu mtulivu anayejua kusikiliza: dada, mume, mtoto mkubwa au shoga unayemwamini. Beba daftari na kalamu. Unaweza pia kumwomba daktari ruhusa ya kurekodi maelezo yake kwenye simu, ili uyasikilize tena ukiwa nyumbani umetulia.

Maswali ya kuuliza ni haya:

- Saratani yangu iko hatua ya ngapi, na imeenea mahali pengine?
- Ninahitaji matibabu gani, kwa mpangilio gani, na kwa muda gani?
- Lengo la matibabu ni kuponya, au ni kuudhibiti ugonjwa na kupunguza maumivu?
- Nitegemee madhara gani ya dawa, na nikiona nini nirudi haraka?
- Gharama ni kiasi gani, na nani wa kumwona nisipoweza kulipa?
- Nikiwa na swali nikiwa nyumbani, nimpigie nani?

Si utovu wa adabu kusema, "Daktari, sijaelewa, naomba urudie." Ni haki yako.

Kukaa siku chache na habari hiyo kabla ya kuamua jambo ni sawa. Usiache siku hizo zikageuka miezi. WHO inashauri uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya mara ya kwanza, na matibabu yaanze ndani ya miezi mitatu.

Hisia zinazokuja

Hakuna namna moja sahihi ya kupokea habari hii. Mmoja hulia wiki nzima. Mwingine hatoi chozi, anaingia jikoni kupika kana kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi mtu anaweza kucheka na watoto, jioni akajifungia ndani. Hisia hizi ndizo hujitokeza mara nyingi:

Mshtuko na kukataa. "Wamekosea, hayo si majibu yangu." Ni moyo unaojikinga kwa muda. Kama una shaka, omba maelezo zaidi au maoni ya daktari mwingine, lakini usikatishe safari ya matibabu.

Hasira. Mgonjwa anaweza kumfokea mume au mtoto kwa jambo dogo, au kumkasirikia Mungu. Wanaomzunguka wajue kwamba hasira hiyo ni ya ugonjwa, wao imewapitia tu.

Hatia. Wengi hujiuliza walikosea nini. Saratani hutokea chembe za mwili zinapoanza kukua bila mpangilio, na kwa wanawake wengi hakuna kosa lolote linaloweza kutajwa kuwa ndilo chanzo.

Aibu. Titi ni sehemu ya siri, na pia ni alama ya umama na uanawake. Kulionyesha kwa daktari, kulizungumzia mbele ya wakwe, au kuishi bila hilo ni mambo mazito.

Hofu. Ya maumivu, ya kifo, ya kuachwa, ya madeni. Hofu ikitajwa kwa jina lake hupungua ukubwa. "Naogopa nikifa watoto wataacha shule" ni jambo ambalo ukoo unaweza kukaa ukalipanga. "Naogopa tu" halina pa kushikwa.

Mambo yanayowasaidia wagonjwa wengi ni madogo: kuwa na mtu mmoja wa kumwambia kila kitu bila kupima maneno; kuendelea na kazi nyepesi unayoipenda, kama kulisha kuku au kwenda kwenye kikundi cha kukopa; kutembea kidogo jioni; kulala mapema. Muulize muuguzi wa kliniki kama kuna mwanamke aliyekwisha kupitia matibabu haya na yuko tayari kuzungumza nawe. Kumwona mtu aliyepita njia hiyo, akiwa mzima anauza mboga zake, kunaweza kukutia nguvu kuliko mahubiri marefu.

Maneno yanayoongeza mzigo

Baadhi ya mateso ya mgonjwa yanatoka mdomoni mwa watu. Haya yanasemwa sana, na ukweli wake ni huu:

"Inaambukiza." Haiambukizi. Unaweza kula naye sahani moja, kulala naye kitanda kimoja, kumkumbatia na kuvaa nguo zake.

"Amerogwa" au "ni adhabu." Ugonjwa huu huwapata wacha Mungu na wasio na dini, matajiri na maskini, walionyonyesha na wasiozaa. Kumtafuta mchawi huvunja ukoo na hupoteza muda ambao mgonjwa hana.

"Ukichukuliwa kinyama au ukiguswa na kisu, inasambaa." Watu huona mgonjwa amefanyiwa upasuaji kisha akafariki, wakadhani kisu ndicho kilichomuua. Mara nyingi alifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea. Bila kupima kinyama, daktari hawezi kujua ni aina gani ya saratani wala dawa ipi inafaa.

"Saratani ni hukumu ya kifo." Wapo wanawake wengi waliotibiwa na wanaendelea kulea, kulima na kufanya biashara.

Nani aambiwe, na vipi

Habari ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Yeye ndiye anayeamua nani aambiwe, lini na kiasi gani. Ndugu asiitangaze kanisani, msikitini au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila idhini yake, hata kama anataka kuomba dua au mchango. Ikiwa mgonjwa amechoka kueleza, achague mtu mmoja wa kuwajibu wengine.

Kuna familia ambazo humficha mgonjwa mwenyewe ukweli, zikimwambia daktari, "Usimwambie mama, atakufa kwa mshtuko." Nia ni upendo. Lakini mgonjwa huona nyuso, husikia minong'ono, na hubaki na hofu asiyoweza kuiuliza. Mwulizeni yeye anataka kujua kiasi gani, kisha mheshimu jibu lake.

Watoto nao huhisi kwamba kuna jambo. Wakinyimwa maelezo hujitungia yao, na mara nyingi hujilaumu. Kwa mtoto mdogo inatosha kusema: "Mama anaumwa titi. Madaktari wanamtibu. Dawa zinaweza kumchosha na kumnyonyoa nywele. Wewe hukusababisha, na hutaambukizwa." Usimwahidi usichokijua. Akiuliza kama mama atakufa, unaweza kumjibu: "Madaktari wanajitahidi sana. Tukijua jambo jipya tutakuambia." Mwalimu wa darasa akijua, ataelewa mtoto akisinzia au akishuka kimasomo.

Mabinti wakubwa huwa na hofu ya ziada: je, na mimi nitaupata? Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Ni takriban wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 ambao ugonjwa wao unatokana na vinasaba vya kurithi. Hata hivyo, binti au dada wa mgonjwa amweleze mhudumu wa afya historia hiyo ili ashauriwe kuhusu uchunguzi.

Moyo wakati wa matibabu

Matibabu huweza kuwa upasuaji, tibakemikali ambayo wengi huiita kemo au dripu, mionzi, na vidonge vya homoni vinavyoweza kumezwa kwa miaka 5 hadi 10. Si kila mgonjwa hupata yote. Kujua mapema kitakachotokea hupunguza hofu.

Kemo kwa kawaida hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Siku chache za mwanzo mgonjwa huweza kutapika, kukosa hamu ya kula na kuchoka sana, kisha nguvu hurudi kabla ya mzunguko mwingine. Mkijua mpangilio huo, mnaweza kupanga: wiki ya dripu asiwekewe kazi wala wageni wengi. Akipata homa ya nyuzijoto 38 au zaidi akiwa kwenye kemo, msingoje asubuhi. Hiyo ni dharura, mpelekeni hospitali.

Nywele huanza kunyonyoka wiki mbili hadi tatu baada ya dawa za kemo zenye madhara hayo. Wanawake wengine huamua kunyoa mapema wao wenyewe, wakiwa na dada zao, kuliko kuziona zikibaki kwenye mto. Nywele huota tena dawa zikiisha.

Mionzi hutolewa siku nyingi mfululizo, kwa wiki kadhaa. Kwa mtu wa kijijini hii ina maana ya kukaa mbali na nyumbani, labda Dar es Salaam karibu na Taasisi ya Saratani Ocean Road, au Mwanza karibu na Hospitali ya Bugando. Upweke wa mjini, mahali usipomjua mtu, ni mgumu. Panganeni zamu za kupiga simu kila jioni. Mwekeeni vocha. Mpeni mtoto simu amsimulie mama habari za shule na za mbuzi aliyezaa.

Nauli ikikosekana, usinyamaze ukaacha tarehe ipite. Waeleze watu wa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Kazi yao ni pamoja na kuwasaidia wagonjwa wasio na uwezo.

Titi likiondolewa

Mwanamke aliyeondolewa titi huomboleza, na ana haki ya kuomboleza. Kumwambia "bora uhai" ni kweli, lakini kukisemwa haraka kunamfunga mdomo. Mwache aseme amepoteza nini.

Siku ya kwanza ya kujitazama kwenye kioo ni ngumu. Afanye kwa wakati wake, peke yake au na mtu anayemwamini. Akitaka kujaza sidiria, hospitali nyingine huweza kumwelekeza panapopatikana titi la bandia. Hata fundi cherehani anaweza kushona la kitambaa laini cha pamba na kulijaza pamba safi. Asubiri kidonda kipone kwanza.

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji asinyanyue ndoo ya maji, mzigo wa kuni wala mchi. Mkono wa upande uliopasuliwa unaweza kuvimba, hivyo aombe kufundishwa mazoezi, na akiuona unavimba amweleze daktari.

Neno kwa waume

Wanawake wengi walio katika hali hii hujiuliza, hata kama hawasemi, "Bado ananiona mke?" Jibu lako litaonekana kwenye matendo: unaketi karibu naye, unamtazama usoni, unamsindikiza kliniki, unazima maneno ya ndugu wanaokushauri uoe mwingine.

Tendo la ndoa halienezi saratani wala halimdhuru mgonjwa kwa sababu ya saratani, lakini uchovu na maumivu huweza kumwondolea hamu. Zungumzeni bila kulazimishana. Wakati wa matibabu asishike mimba. Muulizeni daktari njia ya uzazi wa mpango, kwa sababu vidonge, sindano na vipandikizi vyenye homoni kwa kawaida havifai kwa mwenye saratani ya matiti.

Nawe pia unaruhusiwa kuogopa. Tafuta mwanamume mwenzako, kaka au kiongozi wa dini, umwambie.

Ukitaka kusaidia

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa aliye pembeni unaonekana mwepesi. Ndiyo maana maneno mengi ya faraja hayafiki. "Jikaze", "usiwaze", "hata fulani alikuwa nayo akafa" ni maneno yanayomwacha mgonjwa mpweke zaidi. Afadhali useme:

- "Pole sana, dada. Sina la kusema, ila nipo."
- "Unataka tuzungumze kuhusu ugonjwa, au tupige soga nyingine?"
- "Alhamisi nitakuja kuchota maji na kufua."

Angalia hilo la mwisho. Ukisema "ukihitaji chochote niambie", umemwachia mgonjwa kazi ya kuomba, na wengi huona aibu. Taja kitu na siku. Mmoja apalilie shamba lake msimu huu. Mwingine awapikie watoto siku ya kliniki. Kikundi kichange nauli ya safari moja. Kijana mwenye bodaboda ampeleke stendi alfajiri. Mwenye simu nzuri amkumbushe tarehe.

Unapomtembelea, usikae sana, usiombe kuona kidonda, usipeleke tetesi za dawa ulizozisikia. Na usiache kwenda baada ya mwezi wa kwanza. Watu hujaa nyumbani habari ikiwa mpya, kisha hupungua wakati mgonjwa ndiyo kwanza anaanza mzunguko wa tatu wa kemo.

Dua na dawa za kienyeji

Kwa wengi wetu imani ndiyo nguzo ya kwanza, na dua humpa mgonjwa utulivu na watu wa kumzunguka. Ziendelee sambamba na matibabu. Mtu yeyote, awe mganga au mhubiri, anayekutaka uache dawa za hospitali ili upone anahatarisha maisha yako. Kama unatumia mitishamba, mwambie daktari bila kuficha, kwa kuwa mingine huingiliana na dawa au kudhuru ini.

Anayeuguza naye ni mtu

Katika nyumba nyingi mzigo humwangukia mmoja, mara nyingi binti au dada. Analala kidogo, anaacha biashara yake, anatabasamu mbele ya mgonjwa na kulia chooni. Akianguka yeye, na mgonjwa ameanguka. Ukoo ugawane zamu. Anayeuguza apate angalau nusu siku kwa wiki ya kupumzika, bila kuulizwa alikuwa wapi. Kujisikia umechoka si kukosa upendo.

Huzuni inapozidi

Huzuni ni ya kawaida, lakini ina mpaka. Nenda zahanati au mweleze daktari kama wewe au mgonjwa wako, kwa wiki mbili au zaidi:

- mna huzuni karibu kila siku, au hamfurahii chochote;
- hamlali, au mnalala mchana kutwa;
- mnajiona hamna thamani, ni mzigo kwa wengine;
- mmeacha kula, kuoga au kwenda kliniki.

Hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa unaotibika kwa ushauri nasaha na dawa, na si wazimu. Mtu akisema anataka kufa au kujiua, usimwache peke yake, ondoa dawa za shambani na vitu vya hatari karibu yake, na mfikisheni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Baada ya matibabu, na pale ugonjwa usipopona

Matibabu yakiisha, watu husherehekea. Mgonjwa anaweza kubaki na hofu: kila maumivu ya mgongo anadhani umerudi. Hofu hiyo hupungua taratibu. Asiache kliniki za ufuatiliaji, wala vidonge kama amepewa.

Wakati mwingine ugonjwa hauponi. Hapo bado lipo la kufanya. Tiba shufaa hupunguza maumivu na kupumua kwa shida, na humtunza mgonjwa na familia kimwili na kiroho. Maumivu makali yana dawa, ikiwemo mofini ya maji inayonywewa, na mgonjwa hapaswi kuambiwa avumilie tu. Huu pia ni wakati wa kumwuliza anataka nini: nani awalee watoto, shamba liandikwe jina la nani, angependa kumwona nani. Kuyazungumza hakumwiti kifo. Humpa mtu nafasi ya kusikilizwa akiwa bado anaweza kusema.

Kama leo unamjua mwanamke anayetibiwa, mpigie simu ukimaliza kusoma. Usianze na ugonjwa. Msalimie, muulize amelala vipi, kisha umwambie ni siku gani utakuja na utafanya kazi gani. Na kama wewe ndiye uliyeugusa uvimbe na bado hujamwambia mtu, mwambie mmoja leo, na kesho mwende zahanati pamoja.